Mikorosho ya Chilangala kwa Bei ya Mwaka Mmoja

"Kwa nini miaka kumi? Kwa nini isiwe saba, au kumi na miwili?"

Mama aliniuliza hivyo sebuleni kwa mjomba, Masasi, Jumapili baada ya ibada, na mimi niliyekuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fedha nikabaki nimeshika kalamu. Nilikuwa na jibu la mtihani, kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Nilijua hilo si jibu. Chuoni nilikuwa nimemuuliza mwalimu wangu swali hilohilo, akaniambia nisiwacheleweshe wenzangu.

Kilichotukutanisha siku ile ni shamba la mikorosho la Chilangala, kule Newala. Bibi mzaa mama ndiye aliyelipanda. Alipofariki, mama akaendelea kulipalilia na kulipuliza dawa ya salfa, na mapato yake ndiyo yaliyonisomesha. Lakini kwetu mali ya upande wa mama husemewa na mjomba. Wanawake wanapanda, wanapalilia, wanaokota korosho wakiwa wameinama tangu asubuhi. Mdomo wa shamba ni wa mwanamume. Nimeuliza tangu nikiwa mdogo kwa nini iko hivyo. Nilichojibiwa ni kwamba nina maswali mengi.

Mjomba, mwalimu mstaafu, alitaka shamba liuzwe tununue hisa. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imetangaza faida kubwa kuliko zote ilizowahi kupata, redio ikawa inaisifu kila siku, na rafiki yake aliyestaafu naye alikuwa ameshanunua.

"Shikamoo, mjomba," nilisema nilipoingia.

"Marahaba. Kaa hapa, mtaalamu. Leo tuone ada zetu zilikwenda wapi."

Alikuwa na gazeti mapajani, na kando ya habari alikuwa amepiga hesabu yake kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Bei ya hisa moja, ukiigawa kwa faida ya mwaka jana ya hisa hiyo, unapata nane.

"Miaka minane hisa imejilipa yenyewe," alisema. "Haipigwi salfa, haioti kwekwe, haiibiwi. Niambie ni mkorosho gani unaweza hayo."

"Mjomba, huo ni mwaka mmoja."

"Ni mwaka wa juzijuzi. Wewe ulitaka mwaka wa mkoloni?"

Mama mdogo, ambaye kila kikao huja kucheka, akadakia. "Huyo mwacheni. Siku akiletewa posa atataka mishahara ya bwana harusi ya miaka kumi."

Wakacheka. Nikasubiri wamalize, nikaeleza nilichokuwa nimekifanya. Unachukua faida ya kampuni kwa kila mwaka, miaka kumi nyuma. Huwezi kuzijumlisha hivihivi, kwa sababu shilingi ya wakati ule siyo ya leo. Hilo mama alilielewa kabla sijamaliza sentensi. "Noti niliyonunulia doti ya kanga ulipozaliwa," alisema, "leo hainunui hata upande mmoja." Basi kila faida ya zamani unaipandisha kwanza ifikie thamani ya shilingi ya leo, ndipo unajumlisha na kugawa kwa kumi. Wastani huo unakuonyesha kampuni ina nguvu gani ukichanganya miaka yake ya shibe na ya njaa. Mwisho, bei ya hisa unaigawa kwa wastani, siyo kwa mwaka uliotangazwa redioni. Nilipofanya hivyo sikupata nane. Nilipata karibu thelathini.

"Kwa faida yao ya kawaida," nikasema, "hisa hiyo itajilipa mimi nikiwa bibi."

"Bibi wa nani, na wanaume huwataki?" Mama mdogo tena.

Hapo ndipo mama alipouliza kwa nini kumi. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anatafuta kitu cha kushika, kwa kuwa shamba lilikuwa riziki yake na hakuwa na nyingine.

"Ili miaka mizuri na mibaya yote iingie," nikamjibu.

"Na kwenye saba haiingii?"

"Inaingia, kiasi."

"Kwa hiyo kumi ni namba ya kupenda tu?"

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Mjomba akapiga paja. "Mnaona? Hata mwenyewe hajui. Namba wameiokota huko, wamempa aje atutishe nayo."

Leo ningemwambia mama kwamba ndiyo, kwa kiasi fulani ni ya kupenda. Hakuna aliyeshushiwa kumi kutoka mbinguni. Inatosha miaka iwe mingi kiasi kwamba mmoja wenye bahati usiweze kusema kwa niaba ya mingine yote. Lakini katika sebule ile shaka yangu ndogo ilihesabiwa kuwa kushindwa, na mjomba, ambaye hakuwa na shaka hata chembe, hakuulizwa swali lolote. Hilo linaniudhi mpaka sasa. Mwenye hesabu anadaiwa uthibitisho, mwenye sauti nzito anaongezewa chai.

Mjomba akaamua shamba liuzwe, na wiki iliyofuata tulipanda Newala. Mnunuzi, mfanyabiashara wa pale mjini, alitukuta shambani Chilangala akiwa amevaa viatu visivyo vya shamba. Msimu uliokuwa umepita ulikuwa wa balaa. Mvua ilinyesha maua yakiwa mtini, ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukaingia, salfa ikachelewa kufika, na maua yakakauka kama yamepitiwa na moto. Kila mtu pale Newala alijua hivyo, mnunuzi akiwa wa kwanza.

Ila kwetu shamba la mikorosho huulizwa swali moja tu, limetoa ngapi, na mwenye shamba hujibu kwa magunia ya msimu uliopita, uwe wa neema au wa maafa. Kutaja misimu ya nyuma ni aibu. Ni kama kumtaka mgeni akulipe chakula ulichokwisha kula.

"Limetoa ngapi, mama?" mnunuzi akauliza.

"Matatu," mama akasema.

"Mwaka juzi lilitoa kumi na moja!" nikaingilia. "Kabla ya hapo tisa! Kwa nini mnahesabu mwaka wa ugonjwa peke yake?"

Mnunuzi akamgeukia mjomba akitabasamu. "Mwalimu, umekuja na wakili?"

"Mpwa wangu huyo. Amesoma kupita kiasi."

Mama akanivuta mkono. "Nyamaza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ya mwaka juzi tumeshayala."

Bei ikapangwa kwa magunia matatu. Nilisimama pale nikitazama kosa moja likifanywa mara mbili, kila mara kwa hasara yetu. Kampuni tuliipima kwa mwaka wake bora kuliko yote. Shamba la bibi tukalipima kwa mwaka wake mbaya kuliko yote. Na watu waliofanya hivyo walikuwa na akili timamu, walisali, walinawa mikono kabla ya kula, wakaona mimi ndiye niliyepotoka.

Mjomba akatia sahihi kama muuzaji. Mama akatia sahihi kama shahidi. Shahidi wa shamba lake mwenyewe! Nilimwambia hivyo njiani tukirudi, akaniuliza kama nimekula.

Fedha zote za shamba mjomba akazinunulia hisa. Mwaka uliofuata faida ya kampuni ikarudi pale ilipokuwa imekaa miaka yote, na bei ya hisa ikaporomoka hadi chini ya nusu. Gawio la faida lilipokuja, fungu la mama lilitosha sukari na sabuni, na mjomba akalileta akiwa amevaa suti. "Hisa ni subira," alisema. Ananiambia hivyo hadi leo, kila tunapoonana, na akishasema ananiuliza nitaolewa lini. Kule Chilangala mvua ilikaa vizuri, maua yakashika, na majirani waliona haja ya kutupigia simu kutueleza mnunuzi amejaza magunia mangapi. Sikuomba kuambiwa. Mikorosho haikuwa imebadilika, wala kampuni haikuwa imebadilika. Kila kimoja kilirudi kwenye wastani wake, sisi tukiwa tumesimama upande usiofaa wa vyote viwili.

Mama sasa anabangua korosho za wenzake kwa ujira, katika banda la mwanamke mmoja pale Newala. Mafuta ya maganda yamemla vidole, vimekuwa vyeusi na ngozi inatoka. Nikienda kumsalimia anaficha mikono ndani ya kanga hadi dakika ya kunipakulia chakula. Mara moja tu aliligusa jambo lile. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Wewe ulisema." Nilitamani angenitukana. Kuwa sahihi hakujamrudishia mtu hata mti mmoja, na nimeanza kushuku kwamba hesabu zangu hazikuwa na kazi nyingine zaidi ya kunifanya niyaone yale yote kwa uwazi nisiouhitaji.

Swali moja liliendelea kunisumbua. Ule mwaka mmoja mkubwa wa kampuni niliuchanganya na mingine tisa, nikaupunguza makali kwa kugawa, lakini sikuwahi kujua ulitoka wapi. Siku ile mjomba alisema ni uongozi mpya. Redio ilisema ni mageuzi. Mimi nilisema ni bahati, neno ambalo tukilitumia huwa tumechoka kutafuta.

Miaka ikapita, nikapata kazi Mtwara, na mezani kwangu akahamia mwanamke aliyewahi kufanya kazi katika idara ya fedha ya kampuni ile. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne nilipoitaja. Alitafuna andazi lake, akameza, akanieleza kama anavyoeleza mtu jambo ambalo kila mmoja analijua. Mwaka ule biashara yao ilikuwa ileile, hawakuuza bidhaa zaidi ya kawaida. Faida ile kubwa ilitoka mahali pamoja tu: kampuni ilikuwa imeuza kiwanja chake.