Dereva wa Uroa Kwenye Sinema

Mwaka 1956, ukimtaja Mize Silima wa Uroa, watu walicheka kwanza ndipo wakasimulia. Mwanamke yule alikuwa dereva wa lori. Mumewe, Borafya, alianguka kutoka mnazini akavunjika nyonga, na Mize, aliyekuwa kafundishwa naye kwa mzaha, akashika usukani kwa haja. Alichukua nazi kutoka Uroa, pwani, mpaka sokoni Darajani, mjini. Watu wa bara wangeicheka safari hiyo kwa ufupi wake, lakini kwa barabara ile na lori lile kongwe, mtu alitoka alfajiri akafika adhuhuri, kiuno kinamuuma.

Lililomkosesha raha ni moja tu. Mama yake, Bi Sichana wa Ng'ambo, mtaa wa mjini, alimnyima radhi kwa kushika kazi ya wanaume. Akisikia lori linanguruma, hufunga dirisha. Na mtoto asiye na radhi ya mama, hata akifanikiwa vipi, moyo haumtulii. Mize alilia kwa hilo zaidi ya mara moja.

Siku moja akaja Msabah, mpiga picha za sinema, aliyekuwa akitengeneza filamu juu ya watu na kazi zao. Siku tatu alisafiri juu ya rundo la nazi na kamera yake, akishuka mweupe kwa vumbi.

"Bi Mize, funua uso kidogo, watu wakujue."

"Vumbi lote hili nilile mimi? Nnajistiri. Piga hivyo hivyo, na jina langu usilitaje, mama asije akaona haya."

Filamu ikaonyeshwa uwanjani Ng'ambo baada ya Isha. Majirani walimkokota Bi Sichana, naye Mize akajibanza nyuma yake. Kwenye shuka jeupe likatokea lori limekwama mchangani, na mwanamke wa buibui, uso kaufunika, akalirudisha nyuma, akakata usukani, akalinasua. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Bi Sichana alikuwa keshasimama. "Huyo ndiye mwanamke. Popote alipo, radhi ya mama nshampa, kama nimemzaa mimi."

Mize akamshika mkono kwa nyuma, akaubusu. "Nshapokea, mama."

Bi Sichana akageuka. Akamtazama mwanawe, akalitazama shuka, akamtazama tena. Radhi ikishatamkwa hairudishwi mdomoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mize hivyo tangu mdogo. Majirani walijizuia kucheka.

"Kesho unarudi Uroa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mama."

"Unipitie. Lakini mimi nnakaa mbele."