Mwanamke Aliyenizuia Kumpa Mume Wangu Uji

Siapi. Nimechoka kuapa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika hospitali moja huku Kasongo, na anayetaka kucheka acheke.

Mume wangu aliangukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu kule Lusangi. Tulimleta kwa pikipiki siku mbili, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva, mimi nyuma nikimshikilia. Alipolazwa hali ikazidi: akatapika damu nyeusi, tumbo likavimba. Daktari akasema ni ugonjwa wa nadra, huwashika walio mahututi tayari. Vijidudu vimeingia kwenye ukuta wa tumbo na vinatoa hewa humo ndani. Asile, asinywe, dawa na maji vitapita kwenye mshipa.

Niambieni, mke gani anaweza hilo? Kwetu mgonjwa asipokula tunaanza kulia. Kila adhuhuri alininong'oneza, "Mama Zaina, uji kidogo tu." Na kila nilipochukua kijiko, mwanamke wa kitanda cha pili, mwenye sufuria iliyofunikwa mapajani, aliniambia taratibu, "Usimupe, dada. Miye nilimupa mutoto wangu." Nikarudisha kijiko. Siku tatu hivyo, na jamani, uvimbe ulikuwa umeanza kupungua.

Siku ya nne nikamwuliza muuguzi habari zake. Akanitazama sana.

"Kile kitanda hakina mutu, mama. Iko vile tangu mwezi jana. Mama wa sufuria alikufaka hapa hapa, mutoto wake alitangulia kufa."

Wifi yangu aliposikia akaja juu: "Ule mufu anataka kaka yangu afe na njala!" Nami sijalala siku ngapi? Nikakubali. Muuguzi alipotoka tukampa uji, kikombe kizima. Alikunywa akitabasamu. Yule mwanamke alikuwa pale pale. Safari hii alijifunika uso kwa kitenge.

Kabla ya magharibi mume wangu alikuwa amekufa.

Nilimuua kwa huruma, nalijua. Wewe unayeuguza, ukikatazwa jambo usihangaike kama anayekukataza ni mzima au mfu. Uliza kama anasema kweli.

Siku hizi nikipata nafasi naenda kukaa wodi ile. Nikiona mke ameshika kijiko, namwambia. Wengine wananitazama kama mimi ndiye mfu. Wanitazame tu, mradi warudishe kijiko.