Pikipiki Iliyomjua Mama

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta pale Rongo, nikimngoja mtu, ndipo pikipiki yenye magunia mawili ya omena ikasimama mbele yangu. Kijana alifungua tangi, petroli ikamwagika kidogo, na harufu mbili zikanijia pamoja: ya mafuta na ya samaki mkavu. Wengine wangeziba pua. Mimi nilizivuta mpaka kifua kikajaa, kisha nikageukia ukuta, maana mtu mzima hawezi kulia hadharani bila kuulizwa ameibiwa nini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu.

Mama alinunua omena ufuoni Homa Bay na kuja kuziuza sokoni Rongo. Watu walimwita Nyar Karungu, kwa kuwa Karungu ndiko alikozaliwa. Baba alikuwa fundi wa pikipiki mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na ndiye aliyemfundisha mama kuendesha, enzi ambazo mwanamke juu ya pikipiki alikimbiliwa na watoto kijiji kizima. Halafu siku moja mama alipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, mkanda ukamshika mkono wa kushoto. Alipotoka hospitalini alikuwa amebakiwa na kidole gumba tu upande huo.

Wanaoendesha watanielewa. Klachi hubanwa kwa vidole vya mkono wa kushoto, nao mguu wa kushoto hubadilisha gia. Bila vidole huna klachi, na bila klachi huendi popote. Mama alikaa nyumbani akijifunza kufunga leso na kuchambua mboga kwa mkono mmoja. Alinyamaza kwa namna ambayo hata mimi na wadogo zangu wawili tulipunguza kelele bila kuambiwa.

 Baba alinunua pikipiki kuukuu, akaifumua yote, akaanza kuiunda upya. Klachi akaiteremsha mguuni, kanyagio pana la chuma upande wa kushoto. Gia akaipandisha juu, fimbo ya chuma iliyosimama ubavuni mwa tangi, na kwenye ncha yake akaweka kikombe kidogo alichokikata kwenye tairi, ili kiganja cha mama kitulie humo ndani. Nakumbuka alivyompima kwa uzi: upana wa kiganja, kisha mguu kutoka gotini hadi kisiginoni, taratibu, kama fundi wa nguo anayempima bibi arusi. Mama alitazama pembeni kwa haya.

"Kanyaga," alimwambia siku ya kwanza uani. "Sasa sukuma na mkono. Sasa achilia mguu polepole. Polepole, nimesema!"

Pikipiki iliruka kama mbuzi, ikazima. Kuku walitawanyika hadi kwa jirani. Lakini kufikia jioni mama alikuwa akiizunguka nyumba, leso ikipepea, akicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Pikipiki ile ilikuja kuwa maarufu. Kuna kijana mmoja aliyejaribu kuiiba sokoni. Aliiwasha vizuri tu, mkono wake ukatafuta klachi mahali ambapo hapakuwa na klachi, mguu ukakanyaga asichokijua, naye akaingia moja kwa moja kwenye meza ya nyanya. Alipotolewa pale alikuwa mwekundu kichwa kizima, watu wakapiga mayowe wakidhani ni damu. Baba alipoelezwa alicheka hadi akakaa chini. "Hii inamjua mama yenu peke yake," alituambia.

Nilikuwa darasa la sita mama aliposhikwa na malaria wakati wa mvua. Siku yake ya kwenda Homa Bay ilifika akiwa hawezi hata kuketi. Pikipiki ya baba ilikuwa kibandani, injini imefunguliwa, kwa hiyo akaichukua ya mama. Nilikuwa mlangoni nikiosha sufuria. Nilisikia wakizungumza chumbani, kisha baba akatoka akiwa anatabasamu, akanipita, akaondoka. Hakuniaga. Hakuna anayeaga mtu anapokwenda kununua omena.

Kabla ya kuingia Homa Bay kuna mteremko wenye kona. Siku hiyo lori la mchanga lilikuwa limeharibikia pale chini. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara aliona yote. Alisema pikipiki ilikuja vizuri, kisha mlio wa injini ukapoa ghafla na kasi ikazidi, na mkono wa kushoto wa yule mwanamume ulikuwa unafumba na kufumbua, unafumba na kufumbua, kama mtu anayekamua kitu.

Baba mdogo Ouma, mdogo wake baba, ndiye aliyetueleza maana yake, maana naye alikuwa mwendeshaji. Baba aliliona lori akataka kupunguza gia. Mkono ukaenda kwenye klachi uliyoizoea, usiipate. Mguu ukakanyaga gia, lakini pale mguuni palikuwa na klachi. Injini ikaachana na gurudumu. Alipokumbuka breki, alikuwa ameshalifikia lori.

Alikata roho hapo hapo.

Sitaeleza mazishi. Nitasema tu kwamba pikipiki ililetwa nyumbani kwa mkokoteni, ikaegemezwa nyuma ya jiko, ikafunikwa magunia, na hakuna mtoto aliyepita upande ule. Wazee wa kike walisema chuma kilichomla mwenye boma hakikai bomani. Baba mdogo alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Mama Achieng, hii kitu iende," baba mdogo alimwambia mama, akimwita kwa jina langu. "Hata kuiangalia ni vibaya."

"Iende, halafu mimi niendeshe nini?" mama aliuliza.

"Utaendesha hii? Hii?"

"Ouma, unayo ingine inaweza kunibeba na huu mkono?"

 Baada ya mazishi mama aliisukuma mwenyewe hadi kibandani, kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba, akaketi kwenye tairi, akasema haondoki mpaka inyooshwe. Ilinyooshwa. Na akaanza tena safari za Homa Bay.

Maneno yaliyosemwa Rongo ndugu msomaji unaweza kuyakisia. Kwamba ana moyo mkavu. Kwamba hata machozi hayajakauka. Nami nilianza kuwaamini, kwa sababu usiku sikuwahi kumsikia akilia, na asubuhi nilimwona akilipangusa tangi kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto. Niliiogopa ile pikipiki. Niliapa sitaipanda, na mama hakunilazimisha. Mvua inyeshe, jua liwake, nilikwenda kwa miguu.

Nilipomaliza darasa la nane nikapata nafasi katika shule ya bweni upande wa Homa Bay. Asubuhi ya kuripoti mama alisema, "Wewe panda matatu. Sanduku nitakuletea mimi." Nikasimama nikimtazama akilifunga, kamba moja mkononi, nyingine ameing'ata kwa meno, na lile gumba likihangaika kushika fundo. Sijui ni nini kilichonipata. Nilimsaidia kufunga, kisha nikapanda nyuma yake.

Nilifumba macho njia nzima. Nilisikia tu gia ikiingia, kla, na mgongo wake ukiinama kidogo kila alipokanyaga. Ghafla tukasimama.

"Shuka, nyathina," alisema, na nyathina ni mwanangu kwa lugha yetu.

Tulikuwa juu ya mteremko. Alizima injini, akashuka, akaanza kuisukuma pikipiki kando ya barabara.

"Imeharibika?"

"Hapana. Hapa huwa natembea."

Yule mama wa mahindi alikuwa pale pale. Alimsalimia mama kwa jina, akaniangalia, akasema, "Nyar Karungu, leo umepata wa kukusaidia." Ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kupapita pale akiwa ameketi. Wakati wa kwenda aliishusha hivi, ikiwa tupu. Wakati wa kurudi aliipandisha, na omena juu yake, jua likiwa utosini, kwa mkono mmoja na nusu. Leso yake ilikuwa imechakaa begani upande mmoja, nami siku zote nilidhani ni kwa kubeba magunia, kumbe ni kwa kuisukuma pikipiki.

Tulipofika kwenye kona alisimama. Nilitaka kuuliza kama ndipo, lakini uso wake ulikuwa umeshanijibu.

"Siku ile nilimkumbusha," alisema. "Nilimwambia, usisahau klachi iko mguuni. Akacheka. Akaniuliza, kwani nani ameitengeneza?"

Akaweka mkono wake mzima juu ya tangi. Kisha akasema maneno machache kwa Dholuo, chini chini, akimwambia baba kwamba Achieng anaenda shule. Tukaendelea kusukuma hadi chini.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijiona nimeerevuka. Mama alikuwa ameanza kulalamika goti la kushoto, lile la klachi, nikamwambia aache kujitesa, apande matatu, magunia yawekwe juu.

"Matatu haisimami pale," alisema.

Nilimweleza, kwa subira ya kijana anayemfundisha mzazi, kwamba haina haja ya kusimama pale. Itampeleka moja kwa moja hadi sokoni. Alinitazama kidogo, akarudi kuchambua omena zake.

Mama tumemzika mwaka jana, kando ya baba. Baada ya matanga nilikuwa na shughuli Homa Bay, nikapanda matatu. Tulipoanza kuteremka nilijikuta nimeweka mkono kwenye kioo. Nilitaka kumwambia baba kwamba mama ameshafika huko, ampokee. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Rongo.

Nilifungua mdomo, nikasema, "Baba," na tayari tulikuwa tumeipita kona.