Mkono wa Kimono Nilioachia

Mwanangu, wewe uliyefunga mkanda wa kahawia wa judo juzi na sasa unapita mitaa ya Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi, kifua mbele, keti kwanza. Nami nilikuwa na kifua kama hicho, na kuna Jumapili moja ambayo najutia mpaka leo.

Judo ya huku kwetu ilianzishwa na Maître Ilunga, fundi cherehani. Hakuwa na tatami, ile mikeka minene ya kuangukia. Alishona magunia, akayajaza vumbi la mbao, akayatandaza uani kwake. Hapo alitufundisha kuanguka, miezi mitatu ya kuanguka tu, kabla hatujaruhusiwa kumwangusha mtu. Na neno moja alilirudia mpaka likatuchosha: ukimtupa mwenzako, usiachie mkono wa kimono chake, vazi lake la judo. Yeye amekupa mwili wake, wewe umshushe.

Jumapili hiyo tulicheza mbele ya watu. Wageni wa Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa Mweru, walikuwepo, wakitaka Maître akawaanzishie klabu. Alinichagua mimi nimtupe, mwalimu mzima! Makofi yalinilevya. Nilimtupa kwa nguvu zote, nikaachia mkono wake ili niinue mikono yangu juu kama bingwa. Akatua kwa bega, nikasikia mfupa ukivunjika.

Bega halikupona sawasawa. Siku moja alikuja nyumbani, wala hakunigombeza, ila aliniomba niende naye Kilwa.

"Haina neno, mwana. Inafikaka kwa kila mutu. Kilwa banatungoya. Kuya na miye, weye utakuwa mukono yangu."

"Ndiyo, Maître, nitakuya."

Sikwenda. Asubuhi ya safari nilijificha kwa shangazi yangu, kwa aibu tu, sikuwa na shughuli yoyote. Alipanda lori peke yake, mkono umefungwa shingoni, na barabara ile unaijua ilivyo mbovu. Alibaki kule akifundisha; kila mwaka nilisema nitakwenda kumwomba msamaha, na kila mwaka sikukosa kisingizio.

Nilifika Kilwa kwenye matanga yake. Wanafunzi wake walikuwa wanacheza judo kumuaga, na kila aliyemtupa mwenzake alimshika mkono wa kimono mpaka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilimwuliza mmoja wao kama Maître aliwahi kuzungumzia Lubumbashi.

"Sana, baba. Alikuwa anasema kule iko mwanafunzi wake mumoja, njo yeye alikuwa muzuri kupita bote. Akikuya siku moja, tumupokee muzuri, ni kaka yetu mukubwa."

Sikuthubutu kumtajia jina langu. Nililia njia nzima ya kurudi.

Basi, mwanangu, anayekubali kuanguka ili wewe uonekane, mshike mpaka afike chini. Na ukimwumiza mtu, nenda kwake leo hii, na aibu yako hiyohiyo usoni. Usingoje ipoe. Yangu nimeingoja hadi mvi, haijapoa. Mungu akubariki, akulinde mabega, na akupe miguu ya kufika mapema kuliko yangu.