Nyumba Isiyo na Hodi

Mwaka mzima niliwangoja wakwe zangu watarajiwa waje kubisha hodi kwangu, hapa Sydney, na hawakuja. Nilinunua vikombe vipya. Nilibadilishana zamu na wauguzi wenzangu pale hospitali ya Westmead mara tatu ili Jumamosi inikute nyumbani. Badala ya wageni ikaja barua pepe yenye picha za nyumba ya kifahari kwenye kisiwa kimoja cha Scotland, alikozaliwa babu yao, pamoja na mwaliko: njoo tukae wiki moja, familia zifahamiane kabla ya harusi ya binti yangu na kijana wao.

Nikakubali. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalikiri. Kwetu mzazi wa binti hali chakula cha wakwe wala halali chini ya paa lao kabla hawajaja kumwomba binti yake. Wao ndio wanaofunga safari. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikapanda ndege tatu na feri moja kuwafuata.

Nilijiambia kwamba huko huko nitapata nafasi ya kuwafanya wabishe hodi, maana nilikuwa nimetoa ahadi. Marehemu mume wangu alikuwa na kiti chake sebuleni, kimeelekea mlango, na tangu binti yetu akiwa mdogo alikuwa akimtania: "Atakayekuja kukuomba atanikuta nimekaa hapa, na jasho litamtoka." Alifariki binti akiwa na miaka kumi na minne. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, mtoto asiondoke bila kuombwa. Nikamwambia hataondoka. Shemeji yangu ndiye aliyestahili kusimama mahali pake sasa, lakini viza yake haikutoka kwa wakati. Nikabaki mimi.

Nyumba yenyewe, jamani! Sakafu ilikuwa na joto, ukivua viatu miguu inataka kulala. Bafu lilikuwa mbele ya dirisha refu kama mlango wa kanisa, unajisugua huku kondoo wanakutazama. Friji ilijaa jibini za kila namna na samaki waliokaushwa kwa moshi. Nje hapakuwa na kitu ila nyasi, mawe na upepo usiojua kupumzika. Na mlangoni hapakuwa na ufunguo. Unabonyeza tarakimu nne, unaingia. Mchumba wa binti yangu, baba yake na mama yake waliingia na kutoka siku nzima bila kubisha, na kila mlango ulipolia mlio wake mdogo, nilihisi nafasi yangu imenipita tena.

Siku mbili nilikunywa uji wa wimbi niliobeba mwenyewe kwenye sanduku. Mama wa kijana aliniuliza kama ninaumwa tumbo. Nikamwambia mimi mzima. Akaniletea sahani ya samaki hata hivyo, nikaisogeza pembeni taratibu, na uso ukamshuka. Roho iliniuma, kwa sababu mama yule ni mtu mwema. Lakini sikula.

Binti yangu alinifuata chumbani. Huyu anaelewa kila neno la Kiswahili, ila tangu aanze shule hajanijibu kwa lugha hiyo.

"Mum, you're embarrassing me. It's just food."

"Si chakula."

"Then what is it?"

"Hawajakuomba."

"He asked me. I said yes."

"Wewe ndiyo. Mimi bado. Na baba yako pia bado."

Akatoka. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa nisije nikasimamia jambo ambalo yeye mwenyewe atalicheka mbele ya watu, na hapo nitakuwa nimemtia aibu yeye na marehemu kwa pamoja. Usiku ule nilijigeuza kitandani mpaka shuka zikachoka. Asubuhi nikaamka nimeshaamua.

Wote wakiwa mezani, nikasimama. Nikawaeleza kwa Kiingereza, polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa kabla ya upasuaji: kuanzia sasa mpaka saa sita mchana, nyumba hii ni yangu. Ninyi tokeni. Kisha rudini, mbishe, mseme mmefuata nini. Na zile tarakimu za mlangoni mzisahau.

Baba wa kijana alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaweka kijiko chini. Akauliza kama wanaweza kuja mikono mitupu.

"Sukari na blanketi," nikamwambia, nikamfundisha na neno la kusema mlangoni.

Walivaa makoti, wakatoka watatu kwenye mvua. Binti yangu alibaki dirishani amekunja mikono. Niliosha vyombo, nikafunga kilemba, nikaweka kiti katikati ya sebule kuelekea mlango, nikakaa. Saa nzima ikapita. Nilianza kufikiri labda wamepanda feri wakaenda zao.

Wakabisha. Baba wa kijana ndiye aliyetangulia, sauti yake ikishindana na upepo: "Hodi!"

Sikuitika. Mwenye nyumba haitiki mara ya kwanza, asije akaonekana alikuwa amejibanza nyuma ya mlango akisubiri.

"Hodi!"

Kupitia kioo cha mlango nilimwona amekumbatia pakiti ya sukari ya dukani na blanketi la gari lao, lenye manyoya ya mbwa, maji yakimchuruzika puani. Mkewe alisimama nyuma yake, wima kabisa. Kijana alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa kuniogopa, na yote mawili yalinifaa. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Kwa desturi, binti ndiye huulizwa kabla mlango haujafunguliwa. Nikamgeukia.

"Kuna watu nje," nikasema. "Unawajua? Niwafungulie?"

Alitoka dirishani akapita mbele yangu, nikadhani anakwenda kufungua mwenyewe ili mambo haya yaishe. Hakwenda mlangoni. Alikwenda mezani, akachukua kiti kimoja, akakiburuta juu ya ile sakafu ya joto mpaka ubavuni mwangu, akakielekeza mlangoni. Akakipangusa kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Ngoja kwanza, Mama," akasema kwa Kiswahili. "Baba akae."

Tukangoja. Nje wakabisha mara ya tatu.

"Nawajua," akasema. "Sasa wafungulie."