Kumnyoa Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa na mzazi. Lilitoka vinywani mwa wateja waliochoka kusubiri. Vinyozi wengine walikuwa wakimaliza vichwa vitatu, yeye bado anampangusa mmoja shingo, anarudi nyuma hatua, anatazama, kisha anasema, "Hapa nyuma ya sikio bado." Wenye haraka zao walikwenda kwingine. Waliobaki walibaki kwa sababu hakuwahi kumkata mtu, na kwa sababu katika chumba chake chembamba, kati ya duka la viatu na karakana ya mchomeleaji vyuma, mtu aliweza kukaa na kupiga soga bila kuulizwa kama ananyoa au hanyoi.

Alikuwa pia mtu wa kanisa, shemasi. Jumapili alivaa suruali yake ya kijivu iliyopigwa pasi na mkewe na kupitisha kapu la sadaka kati ya mabenchi. Hakuwa mhubiri. Akiombwa aongoze sala alikohoa sana kabla ya kuanza, na watoto walikuwa wakimwigiza nyumbani.

Ugomvi ulioligawa kanisa lile ulianza na viti. Mabenchi yalikuwa ya mbao, mazito, hayana pa kuegemea, na baadhi ya waumini wakaona sasa ni wakati wa viti vya plastiki. Taratibu alikuwa upande wa mabenchi. Shemeji yake, yule aliyemwoa mdogo wake wa kike, alikuwa upande wa viti. Wangeishia hapo, lingekuwa jambo la kucheka. Lakini maneno huzaana. Kutoka kwenye viti wakafika kwenye nani anasikilizwa kanisani na nani hasikilizwi, kutoka hapo wakamfikia mchungaji, na kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wakiulizana nani ameokoka kweli na nani anaigiza.

Shemeji alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, mtu mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka mbali. Siku ya mkutano wa mwisho alisimama mbele ya wote.

"Tunahimizwa usafi," alisema, "na mtu ambaye Jumamosi kutwa anashika vichwa vya walevi na wahuni, halafu Jumapili, kwa mikono ileile, anatupitishia sadaka. Mimi hapo imani siioni."

Wapo walioitikia amina. Jumapili iliyofuata nusu ya waumini walimfuata shemeji kwenye ukumbi ulio nyuma ya mashine ya kusaga, wakanunua viti vyao vya plastiki, wakaanza kanisa lao.

Taratibu hakujibu neno siku ile. Watu walimsifu kwa upole wake, ila mkewe alijua kwamba haukuwa upole. Maneno yalimkwama kooni, na yalikaa pale miaka. Hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Dada mtu ndiye aliyekuwa akija kwake, peke yake, anakaa kidogo, anazungumza habari za watoto na kuondoka. Jina la mumewe halikutajwa, kama vile ameolewa na hewa.

Kisha kiharusi kikamkuta shemeji palepale ghalani, mchana, akiwa anabishana na dereva wa lori. Upande wa kulia ulipooza wote na ile sauti ikapotea. Alipotoka hospitali, watu wa kanisa lake walijaa chumbani, wakaimba, wakaomba, wakaleta matunda. Wiki zikapita, wakapungua. Hawakuwa watu wabaya. Wana kazi, wana watoto, na mgonjwa wa kulala hana habari mpya ya kumpa mtu anayekuja kumjulia hali. Unauliza anaendeleaje, unaambiwa hivyohivyo, unatafuta la kuongeza hulipati.

Asubuhi moja dada alisimama mlangoni pa kinyozi. Hakukaa.

"Kaka, sikuja kukuomba umsamehe," alisema. "Ndevu zimemwota mpaka zinaingia na chakula mdomoni. Nimejaribu mwenyewe, nikamkata hapa kidevuni. Njoo umnyoe tu, basi."

Taratibu alikuwa akisafisha kitana kwa brashi kuukuu. Aliendelea kukisugua hata kilipokuwa safi.

"Jumatatu," alisema mwishowe. Jumatatu haina wateja.

Kitanda cha shemeji kilikuwa kimesogezwa dirishani. Chini yake kulikuwa na beseni, juu ya stuli dawa na bilauri yenye mrija. Yule mtu mrefu alikuwa amenywea ndani ya shuka, mkono mmoja umelala kando yake kama si wake. Alimwona shemeji yake anaingia na mfuko wa vifaa, akafumba macho, akageuzia uso ukutani.

Taratibu hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya kazi. Alichanganya povu, akampaka shavu lililoelekea juu, akalinyoa vizuri mpaka chini ya taya. Shavu la pili shemeji alilikandamiza kwenye mto kama anayeficha mali. Taratibu akamgusa bega, akangoja, akamgusa tena. Hakuna. Akafuta wembe, akafunga mfuko.

"Kaka, unamwacha hivyo?" dada aliuliza mlangoni. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, haijulikani analia au anacheka.

"Akikataa, nimshike kichwa kama mbuzi?"

Lakini kinyozi aliyezoea kurudia nyuma ya sikio mara mbili hakuweza kustahimili uso wa nusu. Usiku hakulala vizuri. Kesho yake, kabla ya kufungua duka, alirudi. Dada alikwisha kumwonyesha mgonjwa kioo kidogo. Safari hii shemeji aligeuza shavu lenye ndevu juu bila kuambiwa, akatazama dari mpaka kazi ilipokwisha.

Basi ikawa kila Jumatatu. Na kila Jumanne Taratibu alikuwa na hadithi dukani. Hakujisifu waziwazi, ila alijua kuliingiza lile jambo. Akimnyoa mtu kidevu angesema, "Jana nilikuwa kwa shemeji, yule yule, unamkumbuka alivyonifanya?" na mteja aliyefunikwa shuka angetikisa kichwa na kusema kweli wewe umeokoka. Mchomeleaji wa jirani, mtu asiyekwenda kanisani wala popote pengine, alikuwa akisikia yote kupitia ukuta wa mabati. Kanisani mchungaji alimtaja kwa mfano mzuri. Taratibu aliinamisha kichwa, akajisikia vizuri.

Siku hiyo, wakila, mkewe alimuuliza, "Baba watoto, hivi kule unaenda kumnyoa au kumwonyesha?"

"Kumwonyesha nini?"

"Kwamba wewe ndiye mwenye imani."

Alikasirika. Alisukuma sahani, akatoka, akazunguka nyumba, akakagua bomba lisilovuja. Alitafuta jibu na kila alilopata lilikuwa na sauti ya mtu aliyeshikwa. Kwa sababu ni kweli, alipokuwa akimnyoa yule mgonjwa, moyoni alikuwa bado kwenye ule mkutano, bado anajibu hotuba ile, ila sasa kwa wembe. Kuanzia hapo hakuisimulia tena habari ya shemeji dukani. Walioiuliza aliwaambia yupo, anaendelea.

Dada alikuwa fundi wa kushona sare kiwandani, na likizo yake ikaisha. Jirani mmoja alikubali kumwangalia mgonjwa kuanzia adhuhuri. Asubuhi zikabaki wazi. Taratibu alisema atapita kabla ya kufungua duka, amnyweshe uji na kumgeuza. Aliona ni jambo dogo.

Asubuhi moja ya siku za mwanzo alifungua mlango akakutana na harufu. Mgonjwa alikuwa amejichafua, na kwa kujaribu kujisogeza alikuwa ameeneza uchafu mpaka mgongoni. Dada alikwisha kuondoka. Taratibu alisimama pale kizingitini. Alifikiria kwamba angeweza kurudi zake, jirani angekuja adhuhuri, na hakuna ambaye angejua kwamba alifika. Yule aliye kitandani asingeweza kumwambia mtu.

Alivua shati lake, akalitundika msumarini, akawasha jiko, akabandika maji.

Kumwosha mtu mzima si kama kumnyoa. Ulimi wa kinyozi huwa na dawa kwa kila mteja mwenye hofu: huzungumza la mbali, polepole, mpaka mtu asahau kuna chuma shingoni mwake. Taratibu hakuwa na dawa nyingine, akaitumia hiyo. Alipomgeuza ubavu alimwambia kwamba mwenye duka la viatu amepaka rangi ya kijani, mbaya kama mboga iliyochacha. Alipotoa shuka alimweleza mvua iliyovunja mti barabarani. Shemeji alikuwa amefumba macho na chozi linamshuka kando ya pua. Taratibu aliliona, akaendelea na habari za mvua. Alilowesha kitambaa kwenye maji ya jiko, akakikamua, akakiweka mgongoni.

"Yamoto," shemeji alisema.

Lilikuwa neno zima, la kunung'unika, lenye sauti ya mtu wa ghalani anayekuta mifuko imepangwa ovyo. Tangu augue hakuwa ametoa ila milio. Na kwa Taratibu lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake tangu siku ile ya mkutano. Alikaa chini sakafuni, kitambaa mkononi, akacheka mpaka akashika mbavu. Kitandani upande mmoja wa mdomo nao ukavutika juu.

"Haya, bosi," Taratibu alisema. "Nakuongezea ya baridi."

Hakumsimulia mtu asubuhi ile, isipokuwa dada, kwa sababu ya lile neno. Alipofungua duka alikuwa amechelewa na wateja wawili walikuwa wameshaondoka. Alishangaa kwamba hakuona uchungu. Alikuwa akifikiria kama uji wa kesho uwe mwepesi zaidi, maana mgonjwa alikabwa kidogo.

Miezi ikaenda hivyo. Maneno yalimrudia shemeji moja moja, na mengi yalikuwa ya kulalamika: mto uko chini, uji umepoa, dirisha lifungwe. Taratibu aligundua, bila kutaka, kwamba anampenda huyu mtu, pamoja na ubishi wake. Alikuwa hajui kwamba ni mcheshi. Alikuwa hajui kwamba anaogopa kuku.

Jumatatu moja, povu liko shingoni, shemeji alianza, "Siku ile... mikono... nilisema..."

"Nyamaza, wembe uko kwenye koo lako."

Taratibu alimaliza kwa utulivu wake wote, akamfuta, akampaka mafuta. Kisha akakaa pembeni ya kitanda.

"Haya, sema."

"Nilikosea."

"Na mimi nilikuchukia," Taratibu alisema. "Nikawa napitisha sadaka hivyohivyo."

Walitazama dirishani. Baadaye shemeji akasema viti vya plastiki vimeanza kuvunjika miguu, na Taratibu akasema alijua.

Yule mchomeleaji vyuma alikuja dukani mchana mmoja bila kuhitaji kunyolewa. Mguu wake mmoja uliwahi kuangukiwa na geti na alitembea kwa kuchechemea. Alikaa.

"Zamani nilikuwa nawasikia," alisema. "Ninyi na wale wa mashine ya kusaga. Kila upande una ukweli wake. Nikasema hawa watu hawana tofauti na sisi, ila sisi angalau hatuimbi." Alikuna goti. "Lakini mke wangu anafua nyumba ya pili na kwa dada yako. Anaona unavyoanika yale mashuka asubuhi. Na wewe siku hizi husemi kitu hapa. Nimekuja kukuuliza, mtu akitaka kwenda kanisani, aende lipi?"

Hili lilikuwa swali ambalo mashemasi huomba waulizwe. Taratibu aliuangalia ule mguu. Kanisa lake lilikuwa juu, baada ya ngazi na mlima. Ukumbi ulikuwa barabarani, tambarare, si mbali na kwa mchomeleaji.

"Nenda lile la mashine ya kusaga," alisema. "Ni karibu kwako. Waambie nimekutuma."

Wazee wa kanisa lake walipopata habari hawakufurahi. Mmoja alimwita pembeni. "Ndugu, tumeipoteza roho hivi hivi?"

"Haijapotea, mzee," Taratibu alijibu. "Tunajua ilipo."

Makanisa yale mpaka leo ni mawili. Kumekuwa na mazungumzo ya kuungana, yakaishia kwenye nani atakuwa mwenyekiti. Shemeji sasa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja unakwaruza lami, na kila Jumapili mchomeleaji humpitia nyumbani, wakaongozana kwenda ukumbini, wote wawili wakichechemea, mmoja kulia na mwingine kushoto, kiasi kwamba dada husema wakishikana vizuri wanakuwa mtu mmoja mzima.

Taratibu bado anapitisha kapu kati ya mabenchi. Jumatatu zake zimejaa. Kwanza aliitwa na mke wa mzee mmoja aliyevunjika nyonga, halafu na familia yenye kijana aliyeugua akili asiyekubali kuguswa kichwa na mtu yeyote. Huyo alimchukua wiki nyingi. Alikuwa akikaa naye uani, mashine imezimwa mkononi, anamsimulia habari za duka la viatu, mpaka siku moja kijana mwenyewe akainamisha kichwa.