Mkoba Ulioibwa Msibani

Mimi sina subira. Nimezaliwa hivyo, na shangazi yangu aliyenilea alikuwa akisema kwamba nilitoka tumboni nikiwa nimeshavaa viatu. Ndiyo maana watu hushangaa wakisikia kwamba kazi yangu ujanani ilikuwa kushona mikoba ya wanawake kwa mkono, kazi ya kukaa kitako kutwa. Lakini nani alikuwa akikaa? Nilishona nimesimama dirishani, nilishona nikizunguka uani, nilishona huku nagombana na kuku wa jirani. Shangazi akiniona napita mara hii, narudi mara ile, husema, "Tulia, mwanangu, utatoboa sakafu."

Tulikuwa tunakaa Mtendeni, hapa hapa Tabora. Mwingereza alikuwa bado anatawala na vita vikubwa vilikuwa vimekwisha juzi juzi. Maduka yalikuwa hayajajaa bado, na askari waliorudi kutoka Burma walikuwa wakiuza mikanda yao sokoni. Mimi niliinunua kwa ajili ya zile bizimu za shaba. Nilizisugua kwa mchanga na tupa mpaka alama za jeshi zikatoka, zikang'aa kama za sonara. Ngozi nilifuata Itetemia kwa mzee mmoja aliyekuwa akiiloweka na maganda ya miti, na nikirudi nayo mjini watu walinipisha njia kwa harufu. Uzi niliupitisha kwenye nta ya warina asali ili usioze. Vishikio nilichongesha kwa mninga. Kifuniko ndicho kilichokuwa changu hasa: sikukikata mraba kama mikoba iliyokuwa ikitoka ng'ambo, nilikikata kikapinda upande mmoja, kikafungwa kwapani mwa mkoba. Sikuiga kwa mtu. Niliota hivyo nikaamka nikakata.

Aliyekuwa akichukua mikoba yangu ni mwenye duka mmoja wa barabara kuu. Aliitundika mbele, mahali pazuri, sitamsingizia. Lakini siku moja nilipitia pale nikamsikia anamwambia mke wa karani kwamba mikoba ile imeletwa na meli. Damu ilinipanda. Nikangoja yule mama atoke, nikaingia.

"Bwana, hiyo meli inatia nanga Mtendeni sehemu gani?"

Akacheka, tena bila ubaya. "Mama, nikisema umetoka Mtendeni, nani ataununua?"

Nilitoka pale mbio mbio. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nikishona namwona yule mwenye duka, nikikata namwona, na kila mkoba niliompelekea ulikuwa kama mtoto ninayempeleka akaitwe jina la baba mwingine.

Nikaanza kwenda stesheni siku za treni. Sikuwa na meza wala kibali cha kuuza, basi nilivaa vizuri, nikatia mkoba wangu mwenyewe mkononi, nikatembea kando ya mabehewa kama abiria anayemtafuta nduguye. Nilikwenda mbele nikarudi nyuma mpaka askari wa reli akanizoea. Siku hiyo treni ilikuwa inakwenda Kigoma, na mama mmoja mwenye miwani akatoa kichwa dirishani.

"Dada, mkoba huo umeununua wapi?"

"Sikuununua. Nimeushona."

Akaniangalia juu chini. Akanyoosha mkono, nikampa, akaufungua, akaunusa, akavuta mshono kwa ukucha. Alikuwa na duka la vitu vya kike Dar es Salaam. "Huu umechakaa," akasema. "Nishonee mpya, ngozi laini, na ndani utie mfuko wa kufunga. Jumamosi ijayo nitapita hapa nikirudi. Nikiupenda nitachukua kila utakachoshona, na nitauza nikisema umetoka Tabora. Lakini uwepo. Mimi huku sipiti tena."

Alisema vile, kwamba umetoka Tabora! Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

Wiki ile ndipo shangazi alipozidiwa. Kifua kilikuwa kimembana tangu masika, na sasa akawa hatoki kwenye mkeka. Ulimi lakini ulikuwa mzima. Mikoba yangu hakuwahi kuipenda. Yeye vitu vyake vyote alifunga kwenye pindo la kanga, ugoro, funguo, hata kitunguu, na alisema kisichoingia kwenye pindo si mali yake. Akinitazama nakata ngozi ya ndama kwa kisu chembamba, huniuliza, "Na huo nao utaubeba au utakubeba?"

Mwenzake wa kucheka alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, mke wa mtu wa reli, aliyekuwa akikaanga vitumbua na kuviuza kwa abiria madirishani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kufia ugenini wakazikwa na wenyeji wa kule. Mtani hukutukana, huchukua kitu chako mbele ya macho yako, na huna ruhusa ya kukasirika. Yule mama aliingia kwetu kila siku na salamu yake ilikuwa ile ile: "Hodi humu, wapagazi! Hamjafa bado?" Shangazi alimjibu kwa matusi yasiyoandikika, kisha wakashikana mikono wakacheka mpaka kikohozi kikawaingilia kati. Huyo ndiye aliyemwogesha shangazi nilipokuwa nashona.

Nami nilishona. Nilishona nikafumua, nikashona tena. Usiku nilimgeuza shangazi, nikampa uji, nikarudi kwenye msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Ijumaa jioni mkoba ukaisha. Nilipoutazama nilijua kwamba sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, na mpaka leo najua.

Shangazi akafa Jumamosi alfajiri.

Nitasema lililonipata kama lilivyonipata. Kwanza nilihisi nyumba imekuwa kubwa ghafla. Pili nikawaza treni. Yalikuja yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililomfukuza mwenzake. Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa ikifika alasiri, na maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Mimi ndiye mfiwa, mtoto wa pekee wa nyumba ile. Mfiwa hatoki. Mfiwa hukaa kwenye mkeka, akashikwa mkono, akapewa pole. Na kumtuma mtu? Nimtume nani, nimwambie nini? Kwamba maiti iko ndani, na mimi nina mzigo wa kwenda stesheni? Wangenitangaza mpaka Kaliua.

Nikaufunga mkoba kiunoni, nikajitanda kanga juu yake, nikakaa na wanawake wenzangu. Sijui nilikusudia nini. Labda niliona nikiwa na mkoba karibu, mguu utapata ujasiri wenyewe.

Wanaume walimchukua wakaenda makaburini. Sauti zao zilipofifia, wanawake wakaanza kulia upya. Mimi machozi hayakuja. Sikio langu lilikuwa stesheni. Mama mmoja mzee aliyekaa kushoto kwangu alinishika goti, maana lilikuwa linacheza lenyewe. "Tulia, binti," akasema. Nikajikaza kisabuni.

Ndipo tukasikia kikohozi mlangoni, na nywele zikanisimama, maana kilikuwa kikohozi cha shangazi.

Ni yule Mzaramo. Alikuwa amevaa kanga za marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, ameinamisha bega la kulia vilevile. Watani ndivyo wafanyavyo msibani, wanamwigiza aliyekufa ili waliobaki wasife nao. Akapita katikati yetu akichungulia vyungu. "Nani amepika huu wali? Nimekufa siku moja tu, mmeshaunguza!" Akamnyang'anya mama mmoja kopo la ugoro, akalifunga kwenye pindo. Waliokuwa wakilia walicheka huku machozi yanawatiririka. Hata yule mzee wa kushoto kwangu alijifuta macho akasema, "Mungu wangu, ni yeye kabisa."

Akafika kwangu. Akasimama, akaniangalia, akanigusa ubavu kwa fimbo.

"Na wewe una nini hapo? Mimba ya ubavuni?"

Kicheko kililipuka. Nikashika kanga yangu kwa mikono miwili, lakini mtani hana haya wala soni: alivuta, kanga ikafunguka, na mkoba ukaning'inia mbele ya watu wote. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kicheko kilikatika mara moja.

"Mkoba!" akasema kwa sauti ya shangazi. "Mimi nazikwa, mwanangu amefunga safari!"

Alikwisha kuufungua. Alitia mkono mpaka ndani ya ule mfuko wa kufunga, akauvuta mshono, akaugeuza huku na huku kama mchinjaji. "Ngozi nzuri," akasema. "Basi ni wangu."

"Mtani, nitaukomboa," nikasema. "Nitakupa kuku."

"Kuku wenu wamekonda kama nyinyi."

"Nitakupa jogoo. Nitakupa chochote. Niachie huo, chukua kingine."

"Angalieni, anakasirika! Mfiwa anamkasirikia mtani!" Wanawake wakaguna, na kweli nilikuwa nimeinuka nusu, ngumi nimekunja. Mzee wa kushoto akanivuta chini. Kumpiga mtani, tena msibani, ni aibu ambayo hata wajukuu wako wataisikia. Nikakaa. Mzaramo akauweka mkoba kichwani kama mpagazi, akatoka anacheza, kiuno kinakwenda kule na fimbo inakwenda huku, na wanawake wakampigia makofi.

Nilimchukia. Sitafuti neno jingine. Nilimchukia yeye, na ule utani, na babu zetu wote na misafara yao. Nikaona mkoba wangu umejaa vitumbua vya mafuta. Nikaona yule mama wa miwani anatoa kichwa dirishani, anatazama huku na huku, anasema moyoni, kumbe ulikuwa mchezo. Honi ya treni ikalia kwa mbali, ikalia tena karibu, na nikasikia breki mpaka kwenye meno. Nikahesabu pumzi zangu. Mtu akanipa chai, sikujua kama ina sukari. Baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko ule usiku wa kumuuguza shangazi, honi ikalia mara ya mwisho, na magurudumu yakaanza kwenda. Nikajua yamekwisha. Nitashonea meli maisha yangu yote.

Wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, na jua limeanza kushuka, Mzaramo alipoingia. Hakucheza. Alikuwa mikono mitupu, anahema kama aliyekimbia, na ukingo wa kanga umejaa vumbi la stesheni. Akanisukuma akakaa kwenye mkeka wangu, bega kwa bega.

"Mkoba wangu uko wapi?" nikamuuliza nimeuma meno.

"Umeshaondoka. Umekwenda Dar es Salaam."

"Umempa nani?"

"Mama wa miwani, behewa la katikati. Nusura asinione, nimepiga dirisha kwa fimbo hii." Alikuwa anaongea chini chini, kwa sauti yake mwenyewe, huku ameinamisha kichwa kama anayenipa pole. "Amekaa nao mapajani mpaka treni inang'oka. Anasema ushone, usisimame. Kila unaoisha uniletee mimi, nitautia dirishani kwa mtu wake wa kwenye treni. Nimemwambia wewe uko msibani. Akasema, mpe pole, na mwambie kifuniko kile kile."

Nilimtazama.

"Unanitazama nini? Wewe ungetoka, wangekuimba. Mimi nikitoka na mali ya mfiwa, nani ataniuliza? Ndiyo kazi yangu."

"Ulijuaje?" nikasema. "Sikumwambia mtu."

Akakung'uta vumbi kwenye kanga ya shangazi.

"Alhamisi nilipokuwa namwogesha, shangazi yako ndiye aliyenieleza; usiku ukishona ulikuwa unajisemea, naye akasikia habari yote ya treni na mama wa miwani. Aliniambia, 'Mtani, naona itakuwa Jumamosi. Huyu mtoto atakaa hapa na haya yake mpaka treni imwache, kisha hatanisamehe. Mwibie.'"

Nikalia. Si kulia kwa kufuta macho na pindo, nililia mdomo wazi, nikajipigapiga mapaja, mpaka waliokuwa wakiosha vyombo uani wakaja mbio. Wakanikuta nimeanguka juu ya Mzaramo, na Mzaramo ameshageuka kuwa mtani tena, anawaonyesha mikono yake mitupu.

"Kumbe ni ule mkoba!" mmoja wao akasema, amejishika kiuno. "Jamani, mama wa watu yuko kaburini hajapata hata siku, mwenzetu analilia mkoba!"

"Mwacheni alie," Mzaramo akamjibu, mkono wake uko mgongoni mwangu. "Nimemwibia vibaya."

Mpaka leo wapo Mtendeni wanaosema kwamba mimi ndiye niliyelilia ngozi ya ndama siku ya kumzika shangazi yangu, na sijawahi kuwabishia.